Bonyeza Sawasawa Kwanza

Weka kalkuleta ya duka na simu ya kisasa kando kando juu ya meza. Kwenye zote mbili bonyeza hivi, bila kusimama: 12, jumlisha 15, jumlisha 9, zidisha kwa 25, sawasawa. Kalkuleta ya duka itakuandikia 900. Simu itakuandikia 252. Rudia mara kumi, majibu ni yale yale. Hakuna iliyoharibika, na hakuna yenye betri inayoisha.

Kwa mwalimu wa hisabati hiki ni kichekesho cha kuanzia somo. Kwa mtu wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek ni hesabu ya kweli: kilo 12 za Jumatatu, kilo 15 za Jumatano, kilo 9 za Ijumaa, na kila kilo tuseme ni shilingi 25. Pesa yake ni 900. Akiiamini simu, amejinyima shilingi 648, na pengine atarudi nyumbani akimshukuru mlipaji kwa kumzidishia. Na kama simu iko mikononi mwa yule anayelipa, basi hapo maneno ni mengine kabisa.

Nataka kueleza jinsi tulivyofika hapa. Historia ya chai ya Kericho na Bomet imeandikwa sana upande wa mashamba, wazungu, kodi na ardhi. Upande wa hesabu yenyewe, yaani vidole, vijiti, risiti na vitufe, haujaandikwa sana, ingawa huko ndiko jasho linakogeuka kuwa pesa.

Chai ya biashara ilianza kupandwa kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, kampuni kubwa zikiwa Brooke Bond na African Highlands. Kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuchuma chai lakini si kuipanda shambani kwake. Mlango ulianza kufunguka katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya serikali ya kusimamia mazao maalumu ya wakulima wadogo, na mwaka 1964 nafasi yake ikachukuliwa na KTDA, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe.

Kwenye mashamba ya wakoloni, kibarua alikuwa na tikiti ya siku 30. Kila siku aliyofanya kazi iliwekwa alama, na alama zikijaa analipwa. Hiyo ni hesabu ambayo hata asiyejua kusoma angeweza kuikagua: alama moja siku moja, hesabu kwa kidole. Mkulima mdogo wa baada ya 1964 aliingia kwenye hesabu ya aina nyingine. Ana namba yake. Ana kilo za leo na kilo za mwezi. Kuna malipo ya kwanza ya kila kilo, kuna makato ya mbolea, halafu mwaka wa hesabu ukifungwa mwezi wa Juni anasubiri bonasi. Kidole peke yake hakitoshi tena.

Wazee walikuwa na njia zao. Kikipsigis kina majina mafupi ya makumi: tiptem ni ishirini, sosom thelathini, artam arobaini, konom hamsini. Mtu anayehesabu mifuko kwa lugha hiyo anaruka makumi haraka kuliko mimi ninayesema "thelathini na..." nikivuta pumzi. Kwanza walipima kwa ratili, baadaye kwa kilo, na waliovuka kutoka moja kwenda nyingine walilazimika kujifunza upya uzito wa gunia ambalo mgongo wao ulikuwa unaujua tayari.

Kituoni kulikuwa na mizani ya kuning'iniza yenye uso kama wa saa. Karani anasoma mshale, anatoa uzito wa mfuko, anaandika kilo kwenye risiti ya kaboni. Malalamiko ya enzi hiyo kila mtu anayajua: mshale ukisimama kati ya 17 na 18, inaandikwa 17. Nusu kilo ya leo si kitu. Nusu kilo kila siku ya kuchuma, kwa mwaka mzima, ni mfuko wa unga na zaidi.

Lakini risiti ile ilikuwa na faida moja. Ilikuwa na namba moja tu, na ilibaki kwako. Nyumbani kwetu zilichomekwa kwenye waya uliopindwa, ukutani jikoni, na mwisho wa mwezi Mama alizishusha zote akazijumlisha upya mezani, kwanza kwa kalamu, miaka ya baadaye kwa kalkuleta ndogo ya jua. Akipata jumla tofauti na ile ya karatasi ya malipo, alirudia mara ya tatu kabla ya kufungua mdomo. Hakuwa mtaalamu wa hesabu. Alikuwa na namba zote mkononi, basi, na mashine iliyofuata mpango wa mawazo yake.

Hiyo kalkuleta ya jua ndiyo inayotakiwa kueleweka, kwa sababu wasomi wengi huidharau. "Haijui BODMAS," wanasema. Kweli haijui. Lakini ukoo wake ni mrefu na wa heshima. Kabla ya umeme kulikuwa na mashine za kujumlisha za magurudumu. Comptometer ya Dorr Felt wa Chicago ilipata hataza mwaka 1887, na ofisi za mishahara za dunia nzima zilijaa mashine za namna hiyo kwa miongo mingi. Ndani yake kulikuwa na jumla moja tu, inayosogea mbele. Ukibonyeza namba, jumla inabadilika papo hapo. Mashine haikumbuki ulikotoka, inajua ulipo. Mwaka 1961 Waingereza walipotoa ANITA, kalkuleta ya mezani ya kwanza iliyotumia elektroniki tupu, na baadaye Wajapani walipoziteremsha bei hadi zikaingia mfukoni, tabia hiyo ya jumla moja ilihamia humo ndani.

Na ni tabia inayomfaa mwenye duka. Anajumlisha sukari, unga, sabuni. Anaona jumla inavyopanda. Mteja akisema "hebu ongeza kiberiti," anaongeza. Mwisho anatoa deni la jana. Hakuna mahali anapofikiria mabano. Ndiyo maana kalkuleta hizo zina vitufe ambavyo mwanafunzi wa sekondari hajawahi kuvigusa: 00 na 000 kwa pesa nyingi, M+ ya kuweka akiba pembeni, na GT inayokusanya kila jibu ulilolipata kwa sawasawa. Mtu anayezidisha kilo kwa bei, mkulima baada ya mkulima, akibonyeza GT anapata jumla ya wote bila kuandika kitu. Nimewaona wenye maduka wakifanya hivyo bila kutazama vidole.

Tawi la pili la ukoo linatoka kwa wahandisi. Wao hawakuwa na orodha ya bidhaa, walikuwa na fomula kwenye karatasi, na kwenye karatasi kuna sheria ya kale kwamba kuzidisha na kugawa vinatangulia kujumlisha na kutoa. Walitaka mashine isome fomula kama ilivyoandikwa. Mwaka 1957 lugha ya kompyuta ya FORTRAN ilifanya hivyo, na kwa kuwa kibodi za kutobolea kadi hazikuwa na alama za shuleni, nyota ikawa kuzidisha na mkwaju ukawa kugawa. Kalkuleta za sayansi zilifuata katika miaka ya 1970, za Texas Instruments zikiwa na mabano na mpangilio wa kuzidisha kwanza. Hii ndiyo damu iliyomo ndani ya simu yako.

Kati ya matawi hayo kulikuwa na la tatu, ambalo halikufika kwenye maduka yetu, lakini nadhani lingejisikia nyumbani hapa. Mwaka 1924 mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, aligundua kwamba ukiweka alama ya kitendo mbele ya namba zake, hauhitaji mabano kabisa. Wengine baadaye wakaigeuza: namba kwanza, kitendo nyuma. Hewlett-Packard waliitumia kwenye HP-35 ya mwaka 1972, kalkuleta ya mkononi ya dola 395, na mashine hiyo haikuwa na kitufe cha sawasawa hata kimoja. Hesabu yetu ya kilo ingekwenda hivi: 12, ingiza, 15, jumlisha, 9, jumlisha, 25, zidisha. Jibu 900, bila ubishi.

Watu wengi wakiisikia hiyo wanasema ni ya ajabu. Lakini sikiliza Kiswahili chetu. "Kuna kilo thelathini na sita, bei ishirini na tano, piga mara." Namba zimetangulia, kitendo kimekuja nyuma. Hiyo ni HP-35 kabisa. "Gawa sitini kwa tano." Kitendo kimetangulia, hiyo ni Łukasiewicz. "Kumi toa tatu." Kitendo kiko katikati, hiyo ni daftari la shule. Mtu mmoja anaweza kutumia zote tatu kabla ya chai ya saa nne kwisha.

Na kuna moja yenye mtego. Sokoni watu husema "toa tatu kwenye kumi." Tatu imetajwa kwanza, kumi mwisho. Anayebonyeza anavyosema atapata hasi saba, na kalkuleta ndogo huificha hiyo alama ya hasi kwenye pembe ya kioo, kijistari ambacho macho ya miaka 60 hayakioni. Ataona 7, atakuwa sahihi kwa bahati, na siku moja ataendelea kuzidisha na kujumlisha juu ya hasi hiyo bila kujua. Sioni kwamba tatizo hapo ni ujinga wa mtu. Mashine ilitengenezwa ikichukulia kwamba kila mtu duniani husema "kumi toa tatu."

Mkwaju nao una hadithi yake. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921 ikiwa na senti 100, wakati Uingereza yenyewe ilibaki na peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni hadi Februari 1971. Yaani kwenye hesabu ya pesa, koloni lilimtangulia bwana wake kwa miaka hamsini. Lakini uandishi wa Kiingereza ulibaki: shilingi mbili na senti hamsini ikaandikwa 2/50, na shilingi hamsini kamili 50/=. Mkwaju huo waliuita solidus, jina la sarafu ya Kirumi. Bado uko kwenye kuta za hoteli zetu: chai 20/=, chapati 20/=, ndengu 50/=.

Sasa mtu aliyezoea hivyo anaketi mbele ya kompyuta kwenye saiba ya mjini Bomet na kuandika 2/50 ndani ya Excel. Programu inaweza kuisoma kama Februari 1950. Akiweka alama ya sawasawa mbele, inagawa na kumpa 0.04. Alama mbili ambazo babu yake alizitumia kufunga bei ili mtu asiongeze tarakimu nyuma, mkwaju na sawasawa, kwenye kompyuta zimekuwa amri. Hata nyota ina maisha mawili. Kwenye Excel ni kuzidisha. Kwenye simu ni mwanzo wa safari: nyota 334 hashi, na menyu ya M-Pesa hiyo hapo. Wakala anayeshika simu mkono mmoja na kalkuleta mkono mwingine anaishi na jambo lingine tena: kwenye simu 1, 2, 3 ziko juu, kwenye kalkuleta 7, 8, 9 ndizo ziko juu. Za kalkuleta zilirithiwa kutoka kwenye mashine za kujumlisha. Za simu zilichaguliwa baada ya majaribio ya Bell Labs huko Marekani, ambayo R. L. Deininger aliyachapisha mwaka 1960, wakipima ni mpangilio gani watu wanabonyeza haraka bila kukosea. Angalau kwenye simu kuna mtu aliyeuliza watu.

Shuleni mambo hayakuwa rahisi zaidi. Waliotutangulia walitumia kitabu cha majedwali, logi na antilogi, na bado karatasi ya KCSE inaruhusu majedwali pamoja na kalkuleta isiyopangwa programu. Kisha zikaja kalkuleta za sayansi, na zenyewe zikabadilika njiani. Kwenye zile za zamani ulibonyeza 30 kwanza halafu sin. Kwenye Casio fx-82MS, iliyoenea madarasani katika miaka ya 2000, unabonyeza sin kwanza, halafu 30, halafu sawasawa. Kaka mkubwa anamfundisha mdogo wake alivyofundishwa, na mdogo anapata jibu la ajabu. Lakini ile ya pili ilileta jambo zuri ambalo watu hawalisemi: mstari wa juu wa kioo uliokuonyesha ulichobonyeza. Kwa mara ya kwanza ungeweza kuona swali na jibu pamoja.

Mstari huo ndio uliomaliza ubishi niliousikia dukani kando ya barabara ya kwenda Kapkatet. Bibi mmoja alikuwa na simu mpya aliyonunuliwa na mjukuu, na alikuwa na hakika kwamba ameibiwa, kwa sababu jumla yake na ya mwenye duka hazikukutana. Miaka yote alitumia mulika mwizi, na mulika mwizi nyingi nilizowahi kushika zilihesabu kwa mtindo wa duka, hatua kwa hatua. Kijana aliyekuwa akipakua mikate akaichukua simu, akatazama.

"Kogo, hapa lazima ubonyeze sawasawa kwanza, ndipo upige mara."

"Kwani ile ya zamani ilikuwa haijui?"

"Ile ilikuwa inakungoja. Hii inakimbilia mara kabla ya jumlisha."

Kogo akafikiri kidogo. "Sasa nani aliiambia ikimbie?"

Mwenye duka alicheka, kijana pia. Mimi naona ni swali zuri kuliko mengi niliyosoma kuhusu teknolojia. Aliiambia mtu fulani, mahali fulani, kwa sababu nzuri za kwake, na hakuna aliyemtangazia Kogo. Hata kwenye kompyuta moja yenye Windows, kalkuleta ikiwa kwenye hali ya kawaida hesabu yetu inatoa 900, na ukiibadilisha iwe ya kisayansi inatoa 252. Asilimia ndiyo mbaya zaidi. Andika 500 jumlisha 16 asilimia. Kalkuleta nyingi zitakupa 580, bei pamoja na kodi ya VAT kama tunavyotaka. Kuna nyingine zitakupa 595 na senti, kwa kuwa zimetengenezwa zichukulie kwamba 16 ni asilimia ya bei ya kuuzia na si ya kununulia. Kitufe ni kile kile, alama ni ile ile.

Mtu ataniambia: hayo yote yamepita, siku hizi kituoni mizani ni ya kielektroniki. Ni kweli, na sitaki kuonekana kama ninalilia mizani ya mshale. Mizani mpya inasoma yenyewe na sehemu za kilo, inapeleka namba kwenye kifaa cha mkononi, na printa ndogo inatoa risiti. Ugomvi wa nusu kilo umepata dawa. Karani hasomi tena mshale akiwa upande wake.

Ila angalia kilichohama. Zamani mkulima aliona kipimo kikitokea, na kujumlisha ilikuwa kazi yake na ya karani, kila mmoja kivyake. Sasa vyote viwili hutokea ndani ya kifaa. Risiti inatoka imekamilika. Maandishi ya karatasi zile za joto hufifia. Ukiichomeka kwenye waya, baada ya muda unaweza kubaki na karatasi isiyosomeka. Urahisi umeongezeka, na uwezo wa kukagua umepungua.

Sio lazima viende pamoja hivyo. Historia ya kompyuta za biashara, kwa kweli, ilianzia kwenye chai. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa J. Lyons, yenye mikahawa mingi ya chai na keki, ilijitengenezea kompyuta iliyoitwa LEO, na mwaka 1951 mashine hiyo ikaanza kufanya hesabu za kila wiki za bidhaa za tanuri zao. Ndiyo kompyuta ya kwanza kushika kazi ya kawaida ya biashara. Mwaka 1954 wakaipa kazi ya kugawa bidhaa kwa mikahawa. Kila msimamizi, wengi wao wanawake, alikuwa na oda yake ya kawaida, na alichotakiwa kufanya ni kupiga simu kutaja mabadiliko tu: keki hizi ongeza, mikate ile punguza. Hakuna aliyemlazimisha kujifunza lugha ya mashine. Mashine ililetwa hadi kwenye mazungumzo ambayo tayari alikuwa anayajua, na msimamizi alibaki akijua oda yake vizuri kuliko kompyuta.

Mfano wa karibu zaidi tunao mfukoni. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na watu wa vijijini waliijua haraka kwa sababu iliuliza kitu kimoja kwa wakati mmoja: namba, kiasi, neno la siri. Hakuna mpangilio wa vitendo wa kukumbuka. Lakini watu walikuwa wakituma pesa kwa namba isiyo yake, wakibaki kushika kichwa. Ikaja Hakikisha: kabla pesa haijaondoka, unaonyeshwa jina la mpokeaji. Ni mstari mmoja tu, kama ule wa juu wa kalkuleta ya shule, na umeokoa pesa za watu wengi. Haukuifanya simu kuwa na akili zaidi, ulimrudishia mtu nafasi yake ya kusema "ngoja, huyu siye."

Nalisema hili kwa sababu ya bonasi. Kila mwaka ikitangazwa, vituo vya Kericho na Bomet huchemka, na tofauti kati ya malipo ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa na vile vya mashariki imeleta maneno makali miaka ya karibuni. Kuna sababu za soko, za ubora, za gharama. Sizifungui zote hapa. Ninachouliza ni kama mkulima anaweza kuifuata hesabu yenyewe. Chai inauzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola, kwa kilo ya chai iliyosindikwa. Kilo moja hiyo hutokana na kilo nne na kitu za majani mabichi. Kwa hiyo njia ni hii: bei ya dola, mara kiwango cha kubadilisha, toa gharama, gawa ili urudi kwenye jani bichi.

Tuchukue namba za mfano tu. Dola 2, mara 130, toa 90 za gharama, gawa kwa 4.5. Kwenye kalkuleta ya duka, bila kusimama, unapata karibu shilingi 37.80 kwa kilo ya jani, na hapo utatoa ulichokwishalipwa kila mwezi. Kwenye simu, kwa vitufe vile vile, unapata 240, kwa sababu imegawa gharama peke yake. Mkulima mwenye simu ataamini amedhulumiwa zaidi ya shilingi 200 kwa kila kilo na atakuja mkutanoni akiwa na hasira ya haki kabisa, na mtu wa ofisini atamcheka. Halafu siku ambayo kweli kuna kasoro, ya shilingi mbili au tatu, mkulima yule yule hatainua mkono, kwa sababu alishachekwa. Hapo ndipo alama za kalkuleta zinaponiumiza. Anayejua mpangilio wa vitufe ndiye anayebaki na neno la mwisho, hata kama hajui chochote kuhusu chai.

Wapo wanaosema dawa ni kumfundisha kila mtu BODMAS. Sipingi, watoto wajifunze. Lakini BODMAS ni makubaliano ya waandishi wa fomula, na hata mashine zenyewe hazikubaliani nayo hadi mwisho. Andika 6 gawa 2(1+2): kuna kalkuleta za sayansi zinazotoa 1 na nyingine 9. Kwenye Excel, ukiandika hasi 2 kipeo cha pili unapata 4. Kwenye kalkuleta nyingi za sayansi unapata hasi 4. Kama watengenezaji hawajapatana wao kwa wao, sioni kwa nini mzigo wote wa kupatana ubebwe na mama mwenye kikapu mgongoni saa moja asubuhi.

Kinachowezekana ni kidogo na hakina gharama kubwa. Karatasi ya malipo ya mwezi inaweza kuandika njia: kilo za kila siku zikiwa zimepangwa chini kwa chini, jumla, mara bei, toa mbolea, toa mkopo, baki. Mistari sita au saba, kila mmoja ukiwa na jibu lake, kama mwanafunzi anavyotakiwa kuonyesha kazi yake ndipo apewe alama. Tangazo la bonasi linaweza kuandikwa vivyo hivyo, kutoka dola hadi jani, na kubandikwa kwenye ukuta wa kituo. Ukiwa na hatua, aina ya kalkuleta haina maana tena. Utabonyeza sawasawa kila mstari, na ya duka na ya simu zitakupa jibu moja, na kalamu pia.